Hilux ya 1995, tela la vitunguu na mlima wa Kitonga

Swali: «Shikamoo fundi. Nina pikapu Toyota Hilux ya mwaka 1995, injini ya dizeli 3L, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Niliinunua mwaka jana kwa mtu ambaye hakuwa na kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Sasa nimepata tela la ekseli moja, la kuchomelea, halina breki. Nakusudia kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Ilula na Iringa mjini, na msimu wa nyanya nishuke Kitonga na matenga. Fundi wa hapa kwetu ananishauri niongeze dizeli kwenye pampu ili gari lipate nguvu, na niongeze majani mawili ya springi nyuma. Je, gari hili litavuta kilo ngapi, na nianzie wapi?»

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishtua ni kwamba breki umezitaja mara moja tu, tena kwa kupita, pale uliposema kwamba tela halinazo. Kuuliza gari litavuta kilo ngapi ndiko kila mwenye pikapu anakoanzia, na kwa kweli ndilo swali jepesi kuliko yote, kwa sababu Hilux hiyo itavuta karibu chochote utakachoifungia, ilimradi barabara iwe tambarare na wewe usiwe na haraka. Kitonga si tambarare. Pale gari hupanda kwa muda mrefu na kushuka kwa muda mrefu, tena kwenye kona, katikati ya malori ya kwenda Zambia na Congo. Kitakachopanga mzigo wako ni joto la injini unapopanda na joto la breki unaposhuka, na la pili linatangulia.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Ikiwa ekseli yako ya mbele ni moja nzima iliyokaa juu ya springi za bapa, basi una Hilux ya umbo la LN106, na injini yake ni ya lita 2.8, silinda nne, isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini), ambayo ilipokuwa mpya ilitoa karibu kilowati 67. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kwenda juu kutoka usawa wa bahari, na kazi yako yote iko kati ya bonde la Ruaha na nyanda za juu za Iringa. Toa pia kinachomezwa na giaboksi, propela shafti na difu, kisha toa uchovu wa miaka 30, na mimi nitakukadiria kilowati 40 hivi zinazofika kwenye tairi. Sasa chukua gari pamoja na dereva na vitu vichache nyuma, jumla kilo 2,000, na tela ambalo pamoja na mzigo wake lina kilo 1,200. Kupandisha kilo hizo 3,200 kwenye mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kunadai karibu kilowati 25, nazo unazo. Ukitaka kupanda hapohapo kwa kilomita 60 kwa saa, utadaiwa zaidi ya kilowati 50, ambazo gari hili hata lilipokuwa jipya lingezitoa kwa taabu. Kwa hiyo utapanda kwa gia ya pili, pembeni, polepole, na wenye mabasi watapiga honi. Waache wapige.

Kushuka ni hesabu ileile iliyogeuzwa. Kwa kila mita 100 ambazo gari na tela hilo vinateremka kwenda chini, na hapa ninasema kimo, si urefu wa barabara, nishati ambayo lazima ipotelee mahali fulani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 9 za maji ya bombani hadi yatokote. Kitonga ina mita mia kadhaa za kimo, kwa hiyo tunazungumzia ndoo kadhaa za maji ya moto. Sehemu ya joto hilo inabebwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo, sehemu inakwenda na upepo na msuguano wa tairi, na kinachobaki kinaingia kwenye diski mbili za mbele na ngoma mbili za nyuma, vyuma ambavyo vilipimwa kwa ajili ya pikapu na mzigo wake tu. Ulaya mpaka wa tela lisilo na breki ni kilo 750, tela na mzigo kwa pamoja, na huo ni mpaka wa gari lisilo na hitilafu kwenye barabara ya kawaida. Kwa gari la miaka 30 kwenye mteremko kama huo mimi nisingevuka kilo 500, na tela la kuchomelea likiwa tupu linaweza kuwa na nusu ya uzito huo. Unaona basi kwamba bila breki kwenye tela biashara yako haipo, na swali la pampu halina hata nafasi ya kuulizwa.

Habari njema ni kwamba matela mengi ya kuchomelea hutengenezwa kwa ekseli ya nyuma iliyotolewa kwenye pikapu au gari jingine bovu. Ingia chini uangalie. Ikiwa ngoma za breki bado zipo, nusu ya kazi imeshafanyika. Utakachohitaji ni kiunganishi cha mbele chenye bomba linaloingia na kutoka, yaani kile ambacho gari linapopunguza mwendo, tela hulisukuma kwa nyuma, na msukumo huo huibana masta silinda ndogo iliyo kwenye mkono wa tela, nayo ikapeleka mafuta kwenye breki za tela lenyewe. Breki za namna hii hazihitaji kuunganishwa na mfumo wa breki wa gari, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu nimeona watu wakikata paipu ya breki ya pikapu ili kuigawia tela, na siku paipu ya tela ilipopasuka, gari nalo likabaki bila breki za nyuma. Usikubali mtu akufanyie hivyo. Hakikisha tu kwamba kiunganishi kina kizuio cha kukifunga wakati wa kurudi nyuma, la sivyo tela litajishika breki kila unapolirudisha, na pia kina waya wa dharura unaovuta breki za tela iwapo litachomoka.

Upande wa gari lenyewe, usihesabu breki kuwa nzima kwa sababu tu pedali iko juu. Fungua magurudumu yote manne. Mbele angalia kama pistoni za kalipa zinarudi zikisukumwa, maana kwenye gari la umri huo mara nyingi moja huwa imeshikwa na kutu, na pedi ya upande mmoja imeisha huku ya pili ikiwa bado nene. Nyuma angalia kama silinda za magurudumu zinavuja, na kama mafuta ya difu yamepita sili ya ekseli yakalowesha viatu vya breki. Kiatu kilicholowa mafuta hakisafishwi kwa petroli, kinatupwa. Mafuta ya breki yabadilishe yote bila kujali yanavyoonekana. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema: ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 140, wakati ya DOT 4 ni 230 na 155. Tumia DOT 4, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Ukiwa unashuka na pedali ikaanza kuwa laini na kuzama, mafuta yamechemka na kutengeneza mvuke ndani ya paipu. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halishikwi, basi ni pedi na viatu vilivyochomeka. Dalili zote mbili zina dawa moja kwa wakati huo, yaani kusimama kabla hujashindwa kusimama, na kukaa hapo si chini ya nusu saa.

Kuna kifaa kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka, na kinahusiana moja kwa moja na ushauri uliopewa wa kuongeza majani ya springi. Juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux yako kuna valvu iliyofungwa kwenye chasisi, yenye mkono mrefu wa chuma unaoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima jinsi bodi ilivyoketi. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma inakuwa juu, na valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka, na valvu inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi kikamilifu. Sasa ongeza majani mawili ya springi. Bodi inabaki juu hata likiwa na mzigo, valvu inadanganyika kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu siku ileile unapozihitaji, huku zile za mbele zikichukua kazi yote. Ndiyo maana utaona pikapu zilizoinuliwa nyuma zinamaliza pedi za mbele kila mara, na mwenyewe analaumu pedi. Ikiwa springi zako zimechoka na kunyooka, badilisha zilizochoka kwa zenye kimo kilekile cha awali. Ikiwa unalazimika kuongeza jani, basi mkono wa valvu urekebishwe siku hiyohiyo, na usimruhusu mtu yeyote kuufunga kwa waya au kuukata. Isitoshe, tela linalopakiwa vizuri halihitaji springi za ziada, na nitalieleza hilo hapo chini.

Jambo la mwisho kuhusu breki ni kisaidizi chake, kile kinachoupunguzia mguu wako kazi ya kukanyaga. Injini ya dizeli ya aina hii haivuti utupu wa kutosha kwenye njia zake za hewa, kwa hiyo kisaidizi cha breki hupewa utupu na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta. Mpira wake ukipasuka, au pampu ikichoka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na ukizima injini kwenye mteremko, unabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Wapo madereva wanaoshuka na gia huru, wengine wakizima na injini kabisa ili kuokoa dizeli. Kwa gari lenye tela, hiyo ni kutupa nanga baharini bila kamba.

Sasa tuje kwenye kupanda, na kwenye pampu. Kuongeza dizeli kwenye pampu ni kugeuza skrubu moja tu, na fundi wako hakudanganyi anaposema gari litapata nguvu. Litapata, kwa dakika kadhaa. Lakini injini isiyo na tabo inavuta hewa ileile iliyokuwa inavuta jana, na kwenye kimo cha Ilula inavuta pungufu, kwa hiyo dizeli ya ziada haipati hewa ya kuiunguza yote. Inatoka kama moshi mweusi, na ile inayoungua kwa kuchelewa inapandisha joto la moshi kwenye njia za kutolea na kwenye silinda hedi. Hedi za ukoo huu wa injini, na hasa ndugu yake mdogo mwenye tabo, zinajulikana kwa kupasuka zikipashwa moto kupita kiasi, na ufa hutokea pale penye chuma chembamba, katikati ya valvu. Kwa hiyo pampu iache ilivyo. Kama gari linatoa moshi mweusi tayari kabla ya kuguswa, peleka nozeli zikapimwe na ubadilishe filta ya hewa, na huenda nguvu unayoitafuta ikarudi hapo bila kugeuza skrubu yoyote.

Mfumo wa maji ndio unaostahili fedha ulizotenga kwa ajili ya pampu. Toa rejeta, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa vijia vyake, kisha uoshe mapezi yake kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, maana udongo na mbegu za nyasi hukaa katikati ambako huoni. Feni ya injini hii ina klachi yake yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo hubana feni kadiri hewa inayopita kwenye rejeta inavyokuwa ya moto. Zima injini ikiwa ya moto, kisha izungushe feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa kama ya baiskeli, klachi imekwisha, na mlimani kwa mwendo wa kilomita 30 ambapo upepo wa barabara ni mdogo, feni ndiyo mtegemezi wako pekee. Mfuniko wa rejeta ubadilishe kwa mwingine wa shinikizo lilelile, kwa kuwa shinikizo ndilo linalozuia maji yasitokote mapema. Weka kulanti ya kweli, yaani maji maalumu ya rejeta, si maji ya mtoni.

Naomba nichepuke kidogo kuhusu themostati, kwa sababu najua kuna uwezekano mkubwa kwamba yako ilishatolewa. Kuna imani iliyoenea kwamba themostati ni ya nchi za baridi, na kwamba gari la huku likitolewa themostati linapoa vizuri zaidi. Katika injini nyingi kifaa hicho hufanya kazi mbili: kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo kinafunga njia ya pembeni ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini kabla haijapata moto. Ukikitoa, njia ya pembeni inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Mlimani ukiwa na tela utaiona kwenye geji. Isitoshe, injini ya dizeli inayokwenda ikiwa baridi inakula silinda zake na kuchafua oili. Irudishe, na uhakikishe ni ya injini hiyo.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote kwenye haya ya maji, thibitisha kwamba hedi haijapasuka tayari. Asubuhi kabla ya kuwasha, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu na gari limelala usiku kucha, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, na utazame kama mapovu yanapanda bila kukoma. Angalia pia kama maji yanapungua bila kuvuja popote, na kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona mojawapo, simama hapo, kwa maana mipango mingine yote inasubiri hedi.

Kwa kuwa hukupewa kumbukumbu, taimingi belti ichukulie kuwa imekwisha. Injini hii haina cheni. Ina mkanda wa mpira unaoendesha kamshafti pamoja na pampu ya dizeli, na muda wake ni kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na gari linasimama hapohapo. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT ambayo huwaka muda ukifika, lakini usiitegemee, kwani taa hiyo hurudishwa sifuri kwa kuhamisha skrubu ndogo, na aliyeihamisha huenda hakubadilisha mkanda. Badilisha mkanda pamoja na beringi yake ya kukazia, na ukiwa hapo angalia pampu ya maji. Oili ya injini, filta zake, maji ndani ya filta ya dizeli, oili ya giaboksi na difu zote mbili, hayo ni ya kawaida na fundi wako anayajua. Mimi naongeza tu kwamba ukishaanza kuvuta tela, oili ya injini isivuke kilomita 5,000. Klachi ijaribu kwa kuweka gia ya nne ukiwa na mwendo mdogo kwenye mwinuko kisha ukanyage mafuta: injini ikipanda sauti na gari lisiongeze mwendo, inateleza, na tela litaimaliza ndani ya wiki.

Kuhusu mahali pa kufungia tela, usichomelee kitu kwenye bampa. Niliwahi kuitwa kwenda kuangalia pikapu ambayo gereji moja ilikuwa imeifungia kichwa cha kuvutia kwenye bampa ya nyuma kwa kuchomelea tu. Kazi ilikuwa safi na imepakwa rangi nzuri, na bampa nzima ilibaki imening'inia kwenye mkono wa tela shambani. Chuma cha kuvutia kinatakiwa kushika nguzo zote mbili za chasisi kwa bolti, kikienda mbele kiasi cha kutosha ili mzigo usiegemee ncha za chasisi peke yake. Kabla ya hapo ondoa tope na kutu, utazame nyufa karibu na vishikio vya springi za nyuma na nyuma ya kabini, maana ndipo pikapu iliyozidishiwa mzigo miaka mingi huanza kupinda. Kichwa chenyewe, lile tufe la chuma, huwa cha milimita 50. Hakikisha kikombe cha tela ni cha kipimo hichohicho, kisha ufunge minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono wa tela ili ukichomoka uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Waya wa taa uwe na njia yake ya ethi, yaani waya wa kurudisha umeme. Tela linalotegemea tufe kurudisha umeme ndilo ambalo indiketa zake huwaka hafifu na kuzimika kila linaporuka shimo.

Tairi za tela zisome kama unavyosoma za gari. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT zinakueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya mzigo iliyo kando ya ukubwa nayo ina maana: 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900, 110 ni kilo 1,060. Tairi za gari dogo za mtumba zilizojazwa kwenye tela la vitunguu ndizo zinazopasuka saa nane mchana.

Upakiaji ndio unaoamua kama tela litafuata gari au litalitikisa. Mzigo uliolemea nyuma ya ekseli unainua mkono wa tela, ekseli ya nyuma ya gari inakosa uzito, na kwenye mteremko tela linaanza kupiga mkia kushoto na kulia. Uliolemea mbele kupita kiasi unalalia springi zako, na hapo ndipo watu hukimbilia kuongeza majani. Lengo ni mkono wa tela uwe na takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela, yaani kwa tela la kilo 1,200 uwe na kilo 120 hivi. Hilo huhitaji kukisia. Chukua mizani ya kupimia magunia, weka gogo juu yake lifikie kimo cha tufe, uushushe mkono wa tela hapo, na usome. Kisha sogeza magunia mawili matatu hadi namba ikae sawa, na uweke alama ya rangi kwenye ubao wa tela. Usihesabu uzito kwa idadi ya magunia, kwa kuwa ya lumbesa yanapita kilo 100, na kumi ya namna hiyo yanaweza kukuongezea uzito wa mtu mzima au wawili ambao hukuwapangia. Matenga ya nyanya yana shida nyingine, kwani yanapangwa kwenda juu. Yasipite kimo cha kabini, na yafungwe kwa kamba zinazopishana.

Barabarani, chagua gia kabla ya mteremko kuanza. Injini ya dizeli haizuii gari kwa nguvu kama ya petroli, kwa hiyo gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na ukiona injini inakimbia, punguza mwendo kwanza kwa breki, kisha ushuke gia nyingine. Kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, acha diski zipumue, badala ya kuegesha mguu juu ya pedali kilomita nzima. Gia ya tano isahau ukiwa na tela isipokuwa tambarare; ya nne ndiyo inayopitisha nguvu moja kwa moja. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani wima bila kufukuzana nalo. Na kwa kuwa gari lako lina gia za mlima (zile nzito za polepole za mkono wa pili), ukiwa umekwama kwenye mwinuko wa udongo kule mashambani unaweza kuacha habu za mbele (vifungio vinavyounganisha magurudumu ya mbele na ekseli yake) zikiwa huru kisha ukaweka gia ya mlima: ni magurudumu ya nyuma pekee yatakayovuta, kwa upole na nguvu nyingi, na klachi itakushukuru. Kwenye lami kavu habu zikiwa zimefungwa usifanye hivyo.

Tela lisajiliwe na lipate namba yake, na bima yako iandikwe kwamba gari linavuta tela. Kumbuka pia kwamba sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inagusa magari ya kuanzia kilo 3,500, na kwa jumla ya gari, tela, vitunguu na abiria wawili hutakuwa mbali na namba hiyo.

Kwa hiyo jibu langu la kilo ni hili: breki za tela zikifanya kazi, za gari zikiwa zimefunguliwa na kurekebishwa, na rejeta ikiwa safi, tela lako na mzigo wake lisipite kilo 1,200, na siku hiyo bodi ya pikapu isibebe magunia zaidi ya mawili. Siku za mavuno makubwa kodi Canter, itakugharimu kidogo kuliko hedi. Safari ya kwanza ya Kitonga ifanye na nusu ya mzigo, mchana, barabara ikiwa kavu. Ukifika chini, simama mahali pa wazi, weka kabari, na upitishe kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inashika bila kuachia au beringi imekazwa mno. Ya nyuma ya gari yakiwa baridi huku ya mbele yananuka, rudi kwenye ile valvu. Ya tela yakiwa baridi kabisa, kiunganishi hakibani, na safari ya pili isifanyike kabla hujakifungua.